Siku Tisa za Mama Anatoli

Mzee Omary alipopiga simu, Shamsia alikuwa chumba namba kumi na nne akitandua shuka ambalo hakuna mtu aliyelilalia kwa wiki tatu. Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya kubadili mashuka, basi akawa anabadili. Hakujiuliza kwa nini.

“Jana wamelala wangapi?” Mzee aliuliza, baada ya kuitikia shikamoo yake.

“Wawili.”

“Juzi?”

“Mmoja. Dereva wa lori.”

Mzee akaguna. Nyuma yake zilisikika nondo zikipakuliwa. Alikuwa dukani kwake Kasulu, pale anapouza vifaa vya ujenzi tangu Shamsia akiwa msichana. Loji ya Kibondo aliijenga baadaye, Warundi walipoanza kuingia tena na kambi ya Nduta ikafunguliwa upya, na mashirika yakaleta watu waliotaka kitanda safi, maji ya moto, na chai kabla ya saa moja asubuhi.

“Punguza watu wanne,” alisema. “Kabla wiki ijayo haijaisha. Nani na nani, utachagua wewe. Mimi siwajui.”

“Sawa, Mzee.”

“Unanisikia vizuri?”

“Nakusikia.”

“Basi sikiliza na hili. Mimi nimewahi kuachisha watu kazi, tena si mara moja. Ita mmoja mmoja. Usizunguke. Neno la kwanza liwe lenyewe: kazi yako imekwisha. Halafu mwambie ni kwa sababu gani, siku yake ya mwisho ni lini, na haki zake atazipata lini. Halafu nyamaza, umwache aseme anachotaka kusema. Usimwahidi kitu usichonacho. Dakika tano zinatosha.”

Simu ikakatika, naye Shamsia akaendelea na foronya. Alijisemea kwamba mzee huyu hana huruma: mtu umefanya naye kazi miaka tisa, umpe dakika tano kama mgonjwa kwenye foleni. Lakini hata hilo alilisema bila hasira, kama mtu anayesoma tangazo lililobandikwa ukutani.

Zamani hakuwa hivyo. Alipopewa umeneja alikuwa na miaka thelathini na saba, ametoka kuachwa na mume, na aliishika ile kazi kwa mikono miwili. Alijua daktari yupi hali vitunguu, na mhandisi yupi anaamka kuswali na anataka ndoo ya maji mlangoni. Aliingia jikoni akaonja mchuzi. Alizunguka nyuma kwenye kamba za nguo akanusa mashuka kama yamekauka sawasawa. Dada zake wa Ujiji walimtania kwamba safari hii ameolewa na vyumba kumi na nane, na yeye alicheka, kwa sababu ilikuwa karibu na kweli.

Kisha mashirika yakaanza kupunguza watu, na wakimbizi nao wakawa wanarudi kwao. Magari meupe yenye antena ndefu yakapungua uwanjani, yakawa matano, yakawa mawili, halafu hakuna. Hapakuwa na siku moja ambayo ungeinyooshea kidole ukasema hii ndiyo iliyoharibu. Wageni waliaga kwa zamu. Mmoja aliacha mwavuli, mwingine aliacha buti za mvua, mwingine alimkumbatia na kulia. Shamsia aliwashika mikono wote, na kila gari lilipotoka getini kitu kilizimika ndani yake bila kelele, hadi akafika mahali pa kula bila kusikia ladha na kuitikia salamu bila kumwona aliyemsalimu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Yeye mwenyewe alidhani ni uchovu.

Jumapili alichagua. Wafanyakazi walikuwa kumi. Mlinzi mmoja angetosha, basi Nickson aondoke. Vyumba vingi vimefungwa, basi wasafishaji wawili, Esteri na Zuhra, waondoke. Wapishi walikuwa wawili, Careen na Winifrida. Careen alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, anapika, anasafisha vyumba, na siku Raymond wa mapokezi asipokuwepo anapokea wageni. Winifrida alikuwa anakaribia miaka hamsini na mitano na miguu yake ilivimba. Ngazi za ghorofani hakuziweza. Alikuwa mfanyakazi wa kwanza wa loji, ameingia kabla hata ya Shamsia, siku ambazo jiko lilikuwa mafiga matatu chini ya bati. Shamsia aliandika jina lake la nne kwenye karatasi. Alilitazama akingoja lichome. Halikuchoma.

Jumatatu asubuhi akaanza kuwaita kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi. Nickson alimrahisishia. Kabla hajakaa aliuliza, “Dada, unaniachisha?”

“Ndiyo, Nickson.”

“Haya. Nilijua. Malipo?”

“Mwisho wa mwezi, pamoja na ya notisi.”

Akampa mkono akatoka. Esteri alilia sana, akauliza amekosa nini, na Shamsia akamrudia mara tatu kwamba hajakosa kitu. Zuhra alimkazia macho tu mpaka Shamsia akainamisha yake. Mtu wa nne alipoingia, maneno yalikuwa yamemwishia.

“Mwakeye, dada,” Winifrida alisalimu kwa Kiha, akaketi taratibu akinyoosha miguu. Alikuwa amekuja na vikombe viwili vya chai. “Nimeona hujanywa chochote tangu asubuhi.”

Shamsia akapokea kikombe. Alitaka kusema lile neno la kwanza. Badala yake aliuliza habari za Anatoli, mtoto mkubwa wa Winifrida, aliyekuwa anafundisha shule huko Kagerankanda. Anatoli alikuwa mzima. Akauliza habari za miguu. Miguu ilikuwa hivyo hivyo. Akasema wewe Mama Anatoli ni nguzo ya hapa, hakuna asiyejua. Winifrida akatabasamu.

“Sasa,” Shamsia akasema, “hali unaiona mwenyewe. Wageni hakuna. Mzee naye amelemewa. Itabidi tupumzike kidogo, tuone mambo yanavyokwenda. Yakikaa sawa, wewe si mtu wa kusahaulika. Unanielewa?”

“Nakuelewa, dada. Tutavumilia.”

Alisema *tutavumilia*. Shamsia alilisikia hilo neno vizuri, na alijua, pale pale, kwamba mama huyu hajaelewa. Ilikuwa imebaki sentensi moja tu. Aliifungulia mdomo, na mdomo ukanywa chai.

“Asante, Mama Anatoli,” akasema.

Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi alifika kazini akakuta moshi unatoka jikoni. Winifrida alikuwa amefunga khanga kiunoni, anakoroga uji. “Nimepunguza unga,” alisema, “maana umesema tupumzike. Mambo madogo madogo haya ndiyo yanayomaliza.” Shamsia akamwambia vizuri. Akaingia ofisini akafunga mlango, akakaa, akatazama kalenda.

Aliamua atamwambia mchana. Mchana akaja ofisa wa halmashauri kuulizia ukumbi. Aliamua kesho. Kesho yake Winifrida alikuwa amekuja na kabichi kutoka shambani kwake, ili loji isinunue. Ungemwambiaje mtu aliyebeba kabichi zake kichwani? Siku ya tatu hakuamua kitu. Alimsikia tu akiimba nyimbo za kwaya huko nyuma, na sauti ile ilimfikia kama redio ya jirani.

Siku ya tano Raymond alimfuata. Alikuwa kijana mtaratibu, miaka thelathini na kitu, mwenye kuongea huku akipanga funguo kwenye misumari yake.

“Dada, samahani. Mama Anatoli amebaki?”

“Kwa nini?”

“Esteri amenipigia. Anasema kama nafasi ya kubaki ilikuwepo, mbona yeye hakuambiwa. Zuhra naye anasema wamebagua. Mimi sijui niwajibu nini.”

“Nitakwambia.”

“Lini?”

“Raymond, nimesema nitakwambia.”

Raymond akapanga ufunguo wa mwisho, akasema sawa. Kuanzia siku hiyo, Shamsia akiingia jikoni au mapokezi, mazungumzo yalikatika. Watu walimjibu walichoulizwa, basi. Careen alianza kuweka vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki chini ya meza, kama mtu anayejiandaa kuondoka saa yoyote. Shamsia aliona yote hayo. Aliyaona kama unavyoona mvua ukiwa ndani ya nyumba.

Siku ya tisa ilikuwa Jumatano. Alipita jikoni kuchukua maji akamkuta Winifrida peke yake, amekaa kwenye kigoda na ungo mapajani, anachambua maharage.

“Kaa kidogo, dada,” Winifrida akasema. “Nina jambo la kukuchekesha.”

Shamsia akakaa kwenye gunia la mkaa.

“Si unajua kwetu ni Heru Juu? Sasa kuna shule ya bweni imefunguliwa njia ya kwenda huko. Matroni wake, Loyce, tumesali naye kanisa moja. Alinipigia Alhamisi. Anasema, Mama Anatoli, tunataka mpishi mkuu, mtu mzima, wa kuwasimamia hawa mabinti. Njoo Jumatatu uanze. Nyumba wanatoa. Na mama yangu si yuko pale pale, kizee changu, ningekuwa namwona kila Jumapili.” Akatupa jiwe dogo mlangoni. “Nikamwambia hapana.”

“Ulimwambia hapana?”

“Nimwachie nani jiko hili? Nikamwambia meneja wangu yuko kwenye shida sasa hivi, amenieleza mwenyewe, amenifanya mtu wake. Siwezi kumkimbia wakati huu. Loyce alinicheka! Akasema mimi nimeolewa na loji.”

Akacheka na yeye. Shamsia hakucheka. Alitazama mikono ya Winifrida ikienda na kurudi kwenye ungo, maharage mekundu huku, mabovu kule. Alisikia baridi vidoleni. Hakukuwa na uchungu wala aibu. Kulikuwa na baridi hiyo tu, na sentensi moja iliyokuwa imekaa mdomoni siku tisa.

“Mama Anatoli,” alisema, “kazi yako imekwisha. Ilikwisha Jumatatu ya wiki iliyopita. Nilikuita kukuambia hilo, na sikukuambia.”

Mikono ikaendelea. Huku, kule. Kisha ikasimama.

“Umesema?”

“Nilitakiwa kuachisha watu wanne. Nickson, Esteri, Zuhra, na wewe. Wewe niliona umenielewa vibaya, nikanyamaza.”

“Uliona.”

“Niliona.”

Winifrida aliuweka ungo chini. Alitazama sufuria jikoni, akatazama mlango, halafu akamtazama Shamsia usoni, si kwa ukali, bali kama anayemtafuta mtu anayemfahamu katika kundi.

“Kwa hiyo siku hizi zote tisa,” alisema, “nimekuwa nani hapa?”

Shamsia akaokota harage lililoanguka sakafuni.

“Nilikuja na kabichi.”

“Ndiyo.”

“Nimekataa kazi.”

“Ndiyo, Mama Anatoli.”

“Ungeniambia hivyo hivyo ulivyosema sasa hivi. Maneno matatu tu. Kwani mimi mtoto?” Sauti yake haikupanda. “Nimezika mume mimi. Nimezika watoto wawili. Wewe ulidhani nitakufa kwa kukosa kazi ya kupika chapati?”

Akasimama, akafungua khanga ya kiunoni, akaikunja mara nne. Alichukua kisu chake mwenyewe alichokuwa amekileta kutoka nyumbani, akakifunga ndani ya khanga. Mlangoni aligeuka, Shamsia akadhani atasema kitu, lakini alikuwa anaangalia moto tu kama umepungua vya kutosha. Kisha akaenda zake.

Alhamisi asubuhi Shamsia alipanda basi la Kasulu. Shule ilikuwa mpya, saruji bado ina harufu. Loyce, yule matroni, alimpokea ofisini, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimsikiliza mpaka mwisho.

“Nafasi imejazwa,” alisema. “Alipokataa nilimwita mwingine, ameanza Jumatatu. Siwezi kumtoa mtu aliyeanza kazi.”

“Naelewa. Hakuna nafasi nyingine yoyote?”

“Hakuna. Na ingekuwepo nisingekupa wewe umpelekee. Ningempigia mwenyewe.” Akaivua miwani. “Ninaongoza watu kumi na wanne hapa, dada yangu. Kila mmoja nina jambo ambalo sitaki kumwambia. Lakini nimejifunza kwamba ninapochelewesha neno, sijilindi mimi wala simlindi yeye. Nampunguzia muda wake tu. Ule muda ulikuwa wa Winifrida. Wewe uliutumia.”

Shamsia alishukuru akatoka. Kutoka pale alikwenda moja kwa moja dukani kwa Mzee Omary. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kati ya mabati na ndoo za rangi, kofia imesogea nyuma. Aliagiza aletewe kahawa. Shamsia alimsimulia yote bila kupunguza.

“Nilikuambia dakika tano,” Mzee alisema.

“Uliniambia, na ulikuwa sahihi. Nilidhani ni ukatili. Siku zake tisa alizofanya kazi zilipwe, hilo la kwanza.”

“Zitalipwa. La pili?”

“La pili, na wewe ulikosea, Mzee. Ulisema huwajui. Mama Anatoli amekupikia kila ulipokuja Kibondo, miaka kumi. Unajua mchuzi wake, jina lake hulijui. Ulitakiwa kuja.”

Mzee akanywa kahawa. Mteja aliingia akauliza misumari ya bati, akahudumiwa, akatoka.

“Nipe namba yake,” Mzee alisema mwishowe. Aliiandika kwa kalamu nyuma ya risiti. Alimpigia kweli, siku hiyo hiyo jioni; walichoongea Shamsia hakukijua kamwe, na hakuuliza.

“Na wewe mwenyewe,” Mzee aliendelea, “bado unaitaka hii kazi?”

“Sijui.”

“Meneja hasemi sijui.”

“Ndilo jibu nililonalo. Zamani nilijua. Sasa hivi naamka, nafanya, narudi. Hata jana, mama yule alipoondoka, sikulia.”

Mzee aliivua kofia akaipangusa vumbi. “Mke wangu alipofariki,” alisema, “duka hili nililifungua miaka mitatu kwa sababu tu funguo zilikuwa mfukoni mwangu. Mtu anataka saruji, nampa saruji. Sikumjua nani amekuja, nani ameondoka. Siku moja akaja bwana mmoja kununua mlango mmoja. Sijui kilichonishika, nikamuuliza, unajenga nini? Akanieleza nusu saa. Alikuwa anamjengea choo mama yake asiyeona, anataka mlango usiokwaruza chini. Kuanzia hapo nikawa nauliza kila mtu. Unajenga nini? Sisemi nilipona. Lakini nilianza kuuza vitu wanavyovihitaji, siyo vitu nilivyonavyo. Biashara ikanyanyuka, na mimi nikanyanyuka nyuma yake, polepole.” Akavaa kofia. “Loji naipa mpaka Desemba. Ikishindikana nafunga. Hilo nakuambia wazi, na wewe kawaambie wazi.”

Ijumaa saa nne aliwakusanya wote sita kwenye chumba cha kulia. Hakukaa mbele, alivuta kiti akakaa kwenye meza moja nao.

“Tuna mpaka Desemba,” alisema. “Ikifika Desemba vyumba viko hivi hivi, loji inafungwa, na mimi pia sina kazi. Hilo la kwanza. La pili, Mama Anatoli aliachishwa siku ile ile na wenzake. Sikuwa na uso wa kumwambia, akafanya kazi siku tisa bila kujua. Kosa ni langu. Esteri na Zuhra nitawafuata majumbani kwao leo niwaeleze.”

Careen alikuwa anachora kwa kidole mezani.

“Sisi tulijua, dada,” Raymond alisema. “Kuanzia siku ile nilipokuuliza. Tulikuwa tunakuangalia tu.”

Hilo lilimwingia, ingawa bado lilikuja kwa mbali. Akaitikia kwa kichwa.

“Nataka kuwauliza,” alisema. “Nyinyi mnakaa mapokezi, mko jikoni, mko getini. Watu wanaokuja hapa wakageuza, wanatafuta nini?”

Walichelewa kujibu, hawakuwa wamezoea kuulizwa. Kisha Careen akasema kuna walimu na manesi wanaopangiwa Kibondo, wanatoka Mbeya, wanatoka Tanga, wanashuka na mabegi hawamjui mtu. Wanakuja kuuliza bei ya usiku mmoja, wanashtuka, wanaondoka. Wanachotaka ni chumba cha mwezi mmoja au miwili, mpaka wapate nyumba. Raymond akasema wanataka pia pa kupikia. Mlinzi aliyebaki akasema na pa kuweka pikipiki. Shamsia akaandika. Waliongea mpaka adhana ya Ijumaa, na alipoinuka aligundua kwamba kwa saa mbili hakuwa ameitazama saa.

Haikuwa miujiza. Walifungua ghorofa ya chini kwa wapangaji wa mwezi, wakageuza stoo ya vinywaji kuwa jiko la pamoja. Mwezi wa kwanza alikuja nesi mmoja. Mwezi wa pili walikuja walimu wanne kwa mpigo, na mmoja wao akawaleta wenzake. Wapangaji walikuwa wasumbufu kuliko wageni wa mashirika: waligombania sufuria, walianika nguo kwenye reli za veranda, walimwita Shamsia saa za ajabu kuuliza fundi wa simu yuko wapi. Alianza tena kujua nani hali nini. Siku nyingine aliamka akiwa mzito kama zamani, akafanya kazi zake kwa mazoea tu. Siku nyingine hapana.

Mwezi Oktoba alisikia kwamba Winifrida anauza chakula karibu na stendi, chini ya turubai la bluu. Alipitisha siku kadhaa kabla ya kwenda. Alikwenda Alhamisi mchana. Winifrida alikuwa na mabenchi mawili, majiko mawili, na wateja wamejaa. Alimwona akaendelea kupakua.

“Karibu, meneja,” alisema. Siyo dada tena.

Akampa ugali wa muhogo na dagaa kama alivyowapa wengine. Shamsia akala. Katikati ya kula, bila kutegemea, aliinamia sahani, machozi yakamdondoka kwenye ugali, na aliyekuwa amekaa jirani, dereva wa bodaboda, akajifanya kuangalia simu. Yalikuwa maumivu hasa, yenye joto, ya kifuani. Miezi mingapi hakuwa ameyasikia. Alimaliza kula akiwa nayo.

Alipolipa alisema, “Nimekuja kukuomba urudi. Nina walimu kumi na mmoja, hawajui kupika. Kazi ipo kweli, nimeshaongea na Mzee.”

Winifrida akapangusa mikono. “Siji,” alisema.

“Sawa.”

“Si kwa hasira. Hasira ilikuwepo, imepungua. Hapa nikichoka nafunga turubai, naenda kumwona mama. Wateja wakiisha, nitajua mimi kwanza, siyo mtu wa kuniambia.”

“Nimeelewa, Mama Anatoli. Na nisamehe.”

“Hilo ulimwambia Anatoli, ulipompigia simu. Aliniambia.”

“Sikukuambia wewe.”

Winifrida akamtazama kidogo, akageukia mteja mwingine.

Alirudi Alhamisi iliyofuata, na ile iliyofuata. Alikaa benchi lile lile, akala, akalipa, akaenda. Mara ya tatu Winifrida alimsogezea kipande cha tango. Mara ya nne, turubai likiwa limepungua watu, alikuja akakaa upande wa pili wa benchi, miguu ameinyoosha.

“Walimu wako wanapika?”

“Wanaunguza.”

“Waje hapa, basi. Wape habari.” Akakuna goti. “Na wewe njoo Jumamosi. Jumamosi napata samaki, mgebuka mzuri kutoka Kigoma, naupika na mawese.”

Zamani Shamsia angesema atajaribu, ataangalia, Mungu akipenda. Aliinua uso kutoka kwenye sahani.

“Jumamosi sitaweza,” alisema. “Nina kikao na wapangaji. Nitakuja Jumatatu.”

Winifrida akaitikia kwa kichwa mara moja. “Sawa,” alisema. “Jumatatu.” Akainuka kwenda kuongeza mkaa.